Mama kaja shuleni na hotpoti, nikakosa pa kuficha uso

Aisee anayedhani kufundisha shule ya msingi London ni kazi laini aje Barnet. Hii ndiyo halmashauri yenye Wayahudi wengi kuliko zote Uingereza, halafu darasani kwangu humohumo kuna Wasomali, Wapolandi, Waghana, Wabangladeshi, Wairani, na mmoja ukimuuliza kwao wapi anakujibu "juu ya duka la chipsi". Watoto wa miaka minane tisa, hawana siri, hawana breki.

Sasa Desemba mada ya dini ilikuwa Uyahudi. Mama wa mwanafunzi wangu mmoja akakubali kuja Ijumaa mchana kutuonyesha meza ya Shabati, siku yao takatifu inayoanza Ijumaa jua likizama, mishumaa na mikate miwili ya challah. Mkuu wa shule akaniita pembeni akaniambia ticha tafadhali, sitaki yale mambo ya mama wa Kiyahudi wa kwenye TV, kero na lawama, watoto wamwone mzazi kama alivyo. Nikasema usijali.

Alikuwa na haki ya kuogopa. Mimi mwenyewe mama wa Kiyahudi nilimjua kwenye TV kabla ya kumjua kwa sura. Yule Sylvia wa The Nanny, vichekesho vya TV vya Marekani, aliyechezwa na Renée Taylor, akili yake yote iko kwenye chakula na lini binti ataolewa. Hapa Uingereza wakubwa hadi leo wanamcheka Beattie, yule bibi wa Kiyahudi wa matangazo ya simu ya miaka ya 80 aliyechezwa na Maureen Lipman: mjukuu kafeli karibu kila kitu, kapasi ufinyanzi na sosholojia, bibi anashangilia eti kapata "olojia" basi ni mwanasayansi! Wakati zamani huko Marekani, tangu 1929 kwenye redio, Gertrude Berg alikuwa anacheza Molly Goldberg, mama mpole mwenye busara anayepiga soga na majirani dirishani. Hayo ya kero na lawama yalikuja kushika baadaye, na mimi naona waliyatunga watoto wa kiume waliokuwa bado wanafuliwa nguo na mama zao. Kuna hata kichekesho chao cha zamani, mama kampa mwanawe tai mbili, kijana akavaa moja akaja nayo kwenye chakula, mama akamtazama: "Ile nyingine imekukosea nini?"

Kishikeni hicho cha tai.

Mama yangu mzazi wakati huo alikuwa kaja kutoka Tanga kunitembelea, baridi imemfungia ndani, TV haielewi, kazi yake ni kunisubiri nirudi ale na mimi. Ijumaa hiyo nikaondoka asubuhi bila chakula. Nani alale! Mwanamke kapika pilau la nyama, kafunga hotpoti kwa kanga ya "Nani kama mama", kavaa koti langu juu ya dera, kapanda basi mwenyewe hadi shuleni.

Dada wa risepsheni kaambiwa leo anakuja mama kwa ajili ya somo la Uyahudi, ana vyakula. Kamwona mama, ana vyakula. Kambandika stika ya mgeni, kampeleka moja kwa moja darasani.

Mimi niko chumba cha fotokopi napigana na mashine iliyomeza karatasi. Narudi nasikia darasa kimya, na darasa langu halijawahi kuwa kimya, nikajua kuna jambo. Nafungua mlango namkuta mama kakaa kiti changu, hotpoti wazi mezani, watoto wamemzunguka na karatasi zao zenye maswali "Mgeni kaleta nini? Kasema nini?" wanaandika mbio mbio. Na mkalimani yupo! Binti wa Kisomali ambaye mama yake kakulia Mombasa, Kiswahili kinamtiririka, anatafsiri kila neno bila huruma.

"Anasema ticha alikuwa anamkimbia jogoo mpaka darasa la tano."

Wakaandika.

"Anasema ana miaka 34 na hana mke, na yeye hajui atakufa lini."

Wakaandika, mmoja akauliza "atakufa" inaandikwaje.

Yule kijana wa Kiyahudi mwenyewe kanyoosha mkono muda mrefu masikini: "Ticha, huyu sio mama yangu." Binti akatafsiri. Mama kusikia hivyo akamvuta karibu, akamgusa paji la uso, "Masikini mwanangu, mama yako yuko wapi, umekula?"

Nikafungua mdomo nieleze, macho yakaangukia mfuko wa plastiki. Kashata. Kashata za karanga! Shule yetu karanga ni marufuku kabisa, mlangoni kuna picha ya karanga imekatwa mstari mwekundu (mama baadaye aliniambia alidhani ni tangazo kwamba karanga zimeisha, akafurahi kaja na zake). Niliruka meza wallahi, napokonya mikononi, nahesabu vipande, nawapeleka kunawa, mtoto mwenye mzio namshukuru Mungu alikuwa klabu ya muziki, na yule wa Kipolandi shavu limevimba ananiapia hana kitu mdomoni.

Ndipo mzazi halisi akaingia, anahema, na mkuu wa shule nyuma yake. Mwanamke mtaratibu, mhasibu, kamfuko mkononi, anaomba radhi kachelewa na hawezi kukaa sana, maana Desemba London jua linazama kabla ya saa kumi na mishumaa lazima iwashwe kabla. Mikate mwenyewe kanunua dukani na alisema wazi. Mama akampakulia pilau. Yule dada akakataa kwa adabu, nyama sio kosher. Uso wa mama ukabadilika, "Kwani nimetia sumu?" Binti akamweleza, bibi, na wao wana halali yao. "Aaah! Si angesema!" Akamenyewa ndizi, akasimamiwa mpaka akaimaliza.

Wakati wa kuondoka mama akakumbuka kilichomleta. Akatoa masweta mawili, la bluu na la kijani, baridi hii mwanangu. Nikavaa la bluu palepale ili yaishe. Akanitazama juu mpaka chini.

"La kijani lina nini?"

Binti akatafsiri. Yule mhasibu mtaratibu alicheka mpaka akakalia kiti cha mtoto, machozi, anamwambia mkuu wa shule "siwezi, siwezi", na mkuu wa shule hajui acheke au aandike ripoti.

Jumatatu karatasi zilikuwa ukutani, msaidizi wangu kazibandika kabla sijafika. "Mama wa Kiyahudi anatoka Tanga." "Nguo yake ina Kiebrania: NANI KAMA MAMA." Moja imechorwa jogoo mkubwa ananikimbiza.

Niliporudi nyumbani mama akaniuliza muhula ujao watoto wanasoma dini gani. Nikamwambia Uhindu.

"Basi kesho upitie manda za sambusa."