Aliyekufa Mafunzoni Alikufa Vitani

Desemba 18, 1939, ndege 22 za mabomu aina ya Wellington za Kikosi cha Anga cha Uingereza zilikutana na ndege za kivita za Wajerumani karibu na kisiwa cha Heligoland. Kumi na mbili zikapotea. Iliyokuwa na namba N2980 ilirudi.

Mwaka mmoja baadaye ndege hiyo hiyo ilikuwa Lossiemouth, Uskoti, ikifundishia vijana. Ndiyo ilivyokuwa desturi: ndege iliyochoka vitani anapewa anayejifunza. Desemba 31, 1940, ikaruka na watu wanane. Juu ya milima ya Monadhliath ikaingia kwenye dhoruba ya theluji, injini ya kulia ikazima. Rubani, Marwood-Elton, akawaamuru wenzake waruke. Sita wakaruka. Mmoja, Sajini Fensome, mpiga bunduki wa mkiani, hakufika chini salama, parachuti haikumwokoa.

Rubani na msaidizi wake walibaki ndani, wakaona maji kwenye upenyo wa mawingu, wakaishusha ndege juu ya ziwa Loch Ness. Wakapanda boti ya mpira hadi ufukweni, wakapewa lifti na lori hadi mji wa Inverness. Ndege ikazama.

Sisi msibani tuna neno letu: ajali haina kinga. Huwa linaniudhi, hasa likisemwa na mwenye gari bovu. Kwa marubani wa mafunzo wa vita ile nadhani lilitumika kwa lugha zote. Katika vikosi vya Uingereza vya ndege za mabomu walikufa watu 55,573, na zaidi ya 5,000 kati yao walikufa mafunzoni: usiku, milimani, ndani ya mawingu, kwenye ndege kuukuu. Walipelekwa kule kwa sababu vita vilikuwa na haraka, na haraka hiyo ilijulikana bei yake. Lakini aliyeangushwa na risasi ya adui ndiye anayesimuliwa. Aliyegonga mlima akijifunza kusoma ramani gizani huitwa mwenye bahati mbaya, basi. Mimi sioni tofauti. Mama zao walipokea habari ile ile.

Kilichoirudisha N2980 midomoni mwa watu si Fensome. Mwaka 1976 Wamarekani waliokuwa wakilisaka lile dubwana maarufu la Loch Ness waliona umbo la ajabu chini ya ziwa. Dubwana halikuwapo, ilikuwa Wellington. Septemba 21, 1985 ikavutwa juu, na leo iko katika jumba la makumbusho la Brooklands, pale pale ilipoundwa. Simlaumu aliyeifufua. Ziliundwa zaidi ya 11,000, na zilizobaki nzima zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Kiunzi chake, ule wavu wa aluminiamu uliobuniwa na mhandisi Barnes Wallis, uliokuwa umevikwa kitambaa tu, unastahili kutazamwa. Ila ndege ilipatiwa muda, pesa na mafundi, na mtu wake mmoja akaachiwa sentensi moja.

Walipoitoa majini, baada ya karibu miaka 45, waliunganisha betri mpya na taa za mkiani zikawaka. Mkiani, kule alikokuwa akikaa Fensome peke yake, mgongo kwa wenzake.