Haikuwa kitanda, kilikuwa kigoda

Nianze na hicho kitanda, maana ndicho kinachotembea mjini. Tangu Jumapili, kila nikipita kijiwe cha bodaboda pale Mwanga, hapahapa Kigoma, mmoja anakohoa, halafu mwingine anauliza kwa upole, "Kaka, uvunguni kulikuwa na joto?" Nikaulizia. Kumbe Fundi Simu amewaeleza watu kwamba nilikutwa usiku chini ya kitanda cha mama mkwe wangu.

Fundi, Mungu anakuona. Hapakuwa na kitanda. Kilikuwa kigoda. Na ilikuwa barazani, mbele ya mashahidi, na sikuwa chini yake mwili mzima. Ni kichwa na bega moja tu.

Najua haisaidii sana. Ngojeni kwanza.

Mnaonifuata siku nyingi mnaijua ligi yetu. Kwa wageni: kuna Mmarekani alikuja huku kwa mambo ya sokwe wa Gombe, na alipoondoka akamwachia Mwalimu boksi la kadi na dadu. Ni besiboli ya mezani, inaitwa Strat-O-Matic. Bwana mmoja anaitwa Hal Richman alianza kuiuza mwaka 1961, mwaka uleule Tanganyika inapata uhuru. Kila kadi ni mchezaji wa kweli na mambo yake ya msimu mmoja, na za kwetu ni za 1968. Unarusha dadu tatu. Nyeupe ikija moja mpaka tatu, unasoma kadi ya mpigaji. Ikija nne mpaka sita, unasoma ya mrushaji. Mbili nyekundu unazijumlisha, unashuka nazo kwenye safu mpaka ukutane na majaaliwa yako. Kuna wakati kadi inakuambia bado, nenda kaiulize dadu ya nne, yenye pande ishirini.

Hiyo ya pande ishirini muishike akilini. Dadu ya kawaida ikianguka inatulia. Ile ikianguka inasafiri.

Tuko wanne: mimi, Mwalimu, Fundi Simu na Bosi wa Dagaa. Hakuna kati yetu aliyewahi kushika gongo la besiboli, lakini tunagombana utadhani tulizaliwa Detroit. Detroit ndiyo timu yangu. Mwalimu ana St. Louis, maana yake ana mrushaji Bob Gibson, na mtu mwenye Gibson wa 1968 huwa anakaa kwenye kiti tofauti na wenzake, amejinyoosha, mikono kifuani. Gibson mwaka ule aliruhusu wastani wa pointi 1.12 kwa mechi nzima ya raundi tisa, ukitoa zile za makosa ya wenzake. Warushaji walitesa watu kiasi kwamba msimu uliofuata wakubwa wa mchezo wakakishusha kile kichuguu wanachosimama, kutoka inchi 15 hadi 10. Kwenye daftari letu hakijashuka hata inchi moja.

Halafu kuna kifungu cha nne cha sheria zetu. Bosi wa Dagaa alikuwa na mkono wenye bahati za ajabu: dadu ikimwangukia chini anainama, anaiokota, anatangaza, "Ilikuwa sita." Kila mara sita. Basi nikapendekeza tuandike, na tukaweka sahihi: *Dadu ikianguka inasomwa palepale ilipolala. Mchezaji asiiguse. Atakayeisoma ni aliyeirusha.* Wazo langu, mwandiko wa Mwalimu.

Sasa Jumamosi.

Fainali iko tatu kwa tatu, mechi ya mwisho, barazani kwangu. Ndani kuna mama mkwe, ametoka Kasulu kuja kumwona mjukuu. Nilivyolelewa mimi, mama mkwe humpi mkono hovyo, hukai naye jamvi moja, na akipita unatafuta pa kuangalia. Kwa muda wote aliokuwa hapa nilikuwa nimeongea naye maneno mawili, shikamoo na karibu, na mambo yalikuwa yanakwenda vizuri sana.

Umeme ukakatika raundi ya saba. Hatukusimama, tukawasha tochi za simu. Feni ndani imezimika, joto limepanda, mama naye akatoka na kigoda chake na kikapu chake cha ukindu, akaketi pale pembeni ukutani. Nikasema shikamoo Mama. Akasema marahaba Baba, endeleeni na mchezo wenu. Baada ya muda kidevu kikashuka kifuani. Kalala.

Raundi ya tisa. Mwalimu mbili, mimi moja. Watu wangu wawili wameshatoka, wa tatu akitoka nimekwisha, na mmoja yuko kwenye kituo cha kwanza. Anayekuja kupiga ni Willie Horton. Mwaka ule alipiga homurani 36, yaani lile pigo ambalo mpigaji na aliye kituoni wote wanarudi na pointi, lakini mwaka uleule, mechi ya kwanza ya fainali ya kweli, Gibson aliwatoa watu 17 kwa kuwakosesha mpira, na wa 17 alikuwa huyuhuyu Horton. Mwalimu hakuacha kunikumbusha. Alinikumbusha polepole, kwa sauti ya darasani.

Nikarusha. Nyeupe: mbili! Kadi ni ya Horton, Gibson hana lake. Nyekundu zikajumlika, nikashuka na kidole kwenye safu, kidole chenyewe kina mafuta ya migebuka, nikafika: moja mpaka nane, homurani. Tisa mpaka ishirini, kadakwa.

Yaani kati yangu na ubingwa kuna dadu moja.

Nikaipulizia. Nikaitikisa. Nikairusha, na nakubali kwamba niliirusha kwa moyo. Ikapita pembeni ya sahani, ikagonga kikombe cha Bosi, ikaruka ukingo wa meza. Ti. Ti. Ti-ti-ti kwenye sementi. Tochi nne zikaifuata kama karabai za wavuvi ziwani. Ikakata kona kwenye mguu wa kiti cha Fundi, ikapunguza mwendo, tukadhani imetulia. Haikutulia. Baraza langu lina mteremko kidogo wa maji ya mvua, fundi aliyelijenga alijisifu nao sana, na mteremko ule unaelekea pale ukutani. Ikajikongoja mpaka kwenye kigoda, ikaingia chini ya pindo la kanga, ikanyamaza.

Hakuna aliyepumua.

"Kifungu cha nne," akasema Mwalimu.

Nikamwambia kwa kunong'ona, Mwalimu, yule ni mkwe wangu. Akasema hana ubishi na hilo. Nikasema basi tumwamshe. Akasema akiamka atasogea, akisogea na dadu itasogea. Nikasema basi nirudie kurusha. Akafungua daftari, akalimulika, akanionyesha sahihi yangu.

Fundi wakati huo alikuwa ameshaziba mdomo kwa kofia.

Basi nikashuka. Magoti kwanza, halafu viwiko, halafu tumbo. Mikono yote inatakiwa chini, kwa hiyo simu nikaing'ata, tochi ikitazama mbele. Naapa mbele yenu, kanga sikuigusa. Lakini pindo liliishia vidole vinne kutoka chini, na nilipofika karibu, maandishi ya kanga yakawa yako mbele ya macho yangu, herufi kubwa, zimemulikwa vizuri: HESHIMA SI UTUMWA. Nikayasoma yote. Sikuwa na pengine pa kuangalia.

Nikalaza shavu kwenye sementi. Nikaiona. Imelala kati ya mguu wa kigoda na kisigino cha mama mkwe, na upande ulioangalia juu ni sita.

Au tisa.

Mliowahi kuishika dadu ile mnajua: sita na tisa zimewekewa kistari chini ili usichanganye. Mimi naona duara na mkia wake. Kistari kiko upande wa pili, na upande wa pili kuna kandambili.

"Ngapi?" Bosi ananong'ona.

"Hmmf," nikasema, simu mdomoni.

"Sita au tisa? Angalia kistari!"

Nikasogea. Nikageuza kichwa, shavu la kulia likaenda juu, la kushoto likaenda chini, bega likaingia chini ya ukingo wa kigoda. Karibu kabisa. Nikaona kitu cheusi, kinaweza kuwa kistari, kinaweza kuwa uchafu. Na hapo, ndugu zangu, nikajifunza jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniambia: mtu akiing'ata simu muda mrefu, mate hayamezeki. Nikayahisi yanakusanyika. Nikayahisi yanafika kwenye ukingo wa simu. Nikaona, kwa mwanga wa tochi yangu mwenyewe, tone refu linashuka taratibu, linavutika, linafikiria, halafu linaachia.

Likatua juu ya mguu wa mama mkwe.

Vidole vyake vikajikunja kwanza. Kisha kimya. Kisha kutoka juu huko, sauti ya usingizi: "Nani?"

Kuna majibu mengi mazuri ya swali hilo. Mimi nilisema "Mmfmama." Nikaona sijaeleweka, nikaitoa simu mdomoni kwa heshima, na katika kuitoa tochi ikampiga mama moja kwa moja machoni.

Alipiga ukelele uliofika Ujiji. Akanyanyuka, kigoda kikaruka kikanigonga paji la uso, kikapu kikapinduka, mimi mkono wangu uko chini ya kandambili na uzito wa mama wote uko juu yake. Na sekunde hiyohiyo, siyo kabla, siyo baada, umeme ukarudi.

Mnajua umeme ukirudi mtaani watu wanavyoshangilia. Eeeeeeh! Mtaa mzima. Taa ya barazani ikawaka, ya jirani ikawaka, ya jirani wa jirani ikawaka, na kwenye vigelegele hivyo nikaonekana nimelala kifudifudi miguuni pa mama mkwe, simu inadondosha mate. Mke wangu amesimama mlangoni na mtoto. Jirani ameegemea ukuta wa uani na mswaki mdomoni.

Nikasema, "Shikamoo Mama."

Na kwa sababu ni mtu aliyelelewa vizuri, akiwa bado anatetemeka, akaitikia, "Marahaba."

Mwalimu akaona anisaidie. "Mama, samahani sana, ni huyu Horton alikuwa anapiga, na mtu yuko kituo cha kwanza…"

"Horton ni nani?"

"Mmarekani, Mama. Wa 1968."

Mama akamtazama Mwalimu, akanitazama mimi, akainama, akakusanya vitu vyake kwa mkono mmoja, akavirudisha kikapuni, akaingia ndani.

Yaliyofuata nayapitia haraka. Dadu haikuonekana, tulifagia baraza mara mbili. Mke wangu hakusema neno mpaka asubuhi, na asubuhi alisema moja tu ambalo siliandiki hapa. Mama akapanda basi la kwanza la Kasulu. Mshenga wangu akanipigia simu, nikaambiwa nipeleke doti ya kanga na dumu la mawese, nikapeleka kwa dereva ninayemfahamu kwa sababu mwenyewe sikuwa na uso. Fundi alifika kijiweni kabla jua halijapanda. Paji la uso bado lina uvimbe, na wale mnaosema umenipendeza nawajua kwa majina.

Jana jioni tumekaa barazani, wanne, tunajadili kama mechi irudiwe au ihesabiwe imevunjika. Mke wangu akatoka na simu, akaiweka mezani, sauti iko wazi.

"Baba," ikasema simu.

Nikasimama. Sijui kwa nini nilisimama.

"Kikapuni kwangu nimekuta kidude cha pembe nyingi, kina namba."

Kabla sijajibu Mwalimu amesharuka. "Mama, usikiguse!"

"Nisikiguse vipi na ninacho mkononi?"

"Imeshaguswa, irudiwe!" akasema Fundi. Mwalimu akafungua daftari. Kifungu kinasema mchezaji asiiguse, na Mama si mchezaji. Halafu Jumamosi haikusomeka, kwa hiyo bado ilikuwa safarini, kwa hiyo ilipolala ni Kasulu. Bosi wa Dagaa akatikisa kichwa, akakubali, maana ligi hii imejaa wanasheria.

"Mama," Mwalimu akasema kwa adabu zote, "ulipoikuta, juu ilikuwa namba gani?"

Kimya kidogo. Tukasikia kuku wa Kasulu.

"Huyo Mmarekani wenu alikuwa anahitaji ngapi?"

Mwalimu akanitazama mimi. Nikajikohoza. "Nane kushuka chini, Mama."

"Nane kushuka chini."

"Ndiyo, Mama."

"Ilikuwa kumi na saba," akasema mama mkwe, akakata simu.

Mwalimu ameshaiandika.