Kiputo cha hisa na ushuru wa kahawa

Bei za hisa zinapopaa kupita thamani yake halisi, yaani kiputo, hazina ya serikali hujaa bila kiwango cha kodi kuguswa. Nchini Marekani, anayeuza hisa kwa faida hukatwa kodi, na mfanyakazi anayelipwa kwa hisa hukatwa pia. Marekani ilifunga mwaka wa fedha 2000 na ziada ya dola bilioni 236 hivi. Machi mwaka huo Nasdaq, soko la hisa lenye kampuni nyingi za teknolojia, ilifika kileleni, kisha hadi Oktoba 2002 ikapoteza zaidi ya robo tatu ya thamani yake. Mwaka wa fedha 2002 ulifungwa na nakisi ya bilioni 158. Punguzo la kodi la 2001 na gharama za baada ya mashambulizi ya Septemba 11 zilichangia, ila kodi ya faida ya hisa nayo ilikuwa imekauka.

Hata hivyo, soko likichemka serikali inaweza kunufaika kweli. Mwaka 2008 Kenya iliuza asilimia 25 ya kampuni ya simu ya Safaricom kwa shilingi 5 kila hisa, ikapata takriban bilioni 50 za Kenya. Haukupita mwaka, bei ikawa chini ya shilingi 3. Hasara ilibaki kwa wananchi, baadhi yao wakiwa wamenunua kwa mkopo.

Halmashauri za nyanda za juu kusini mwa Tanzania hazitozi hisa, lakini ushuru wa mazao ya biashara ni asilimia 3 ya bei. Tuseme wilaya ya kahawa kama Mbozi inauza kilo milioni 2 kwa shilingi 10,000 kila kilo: ushuru ni milioni 600. Bei ikishuka hadi 6,000, kwa mavuno yaleyale, unabaki milioni 360. Kosa hufanyika mapema, kwenye makisio, pale msimu mmoja mzuri unapogeuzwa kipimo cha mwaka unaofuata na watumishi wa mkataba wakaajiriwa kwa fedha hiyo.

Makisio yafuate wastani wa misimu mitano. Diwani atauliza ziada ya msimu mzuri ilale vipi wakati mjamzito anatembea kilomita kumi kufuata huduma, na hoja yake ni nzito, mimi naikubali. Ziada imalizie maboma ya zahanati. Ila dawa, umeme na mlinzi vipimwe kwa ile milioni 360. Zisipotosha kuendesha zahanati mbili, ifunguliwe moja.