Thomson: swala abaki nalo, maporomoko yaliache

Majina ya wapelelezi wa Kizungu yaliyobandikwa kwenye wanyama na maporomoko yetu hujadiliwa, yabaki au yafutwe, kana kwamba ni kesi moja. Jina Thomson, linaloandikwa bila herufi p kama ilivyo desturi ya Uskoti, linaonyesha kuwa kesi ni mbili.

Anayehusika hapa ni mpelelezi Joseph Thomson, aliyezaliwa Penpont, Uskoti, mwaka 1858. Joseph alipita nchi ya Wamasai mwaka 1883, akielekea Ziwa Viktoria. Jina lake likabaki kwa swala tomi na kwenye maporomoko ya mto Ewaso Narok huko Nyahururu, Kenya.

Wanaotaka jina la swala libaki wana hoja nzito. Mwanazoolojia Günther alimweleza mnyama huyu kisayansi mwaka 1884 katika jenasi Gazella, yaani kundi la spishi zenye ukoo wa karibu. Baadaye alihamishiwa jenasi Eudorcas, lakini jina lake la spishi, thomsonii, likabaki palepale, zile i mbili za mwisho zikiwemo. Kwa neno hilo mtafiti huunganisha ngozi ya jumba la makumbusho na takwimu za Serengeti za leo. Likibadilishwa, kumbukumbu zinakatika. Na tayari kumtambua swala huyu kuna utata wake: wengi hutegemea mstari mweusi ubavuni, kumbe swala granti wachanga, wa spishi nyingine inayofanana naye, nao huwa na mstari. Tazama matakoni: weupe wa granti hupanda juu ya mkia, wa tomi huishia chini yake.

Wanaopinga nao wanasema kweli tupu. Thomson hakufungua njia. Safari ya 1883 ilimlazimu kurudi nyuma mara ya kwanza. Alifanikiwa baada ya kuungana na msafara wa Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa pembe za ndovu kutoka Pangani aliyeijua njia ile. Miaka minne kabla ya hapo, katika safari nyingine, kiongozi wake Keith Johnston alifia njiani huko Behobeho, na Thomson, kijana wa miaka 21, akafika maziwa ya Nyasa na Tanganyika kwa msafara uliosimamiwa na James Chuma, yuleyule aliyeusindikiza mwili wa Livingstone hadi pwani. Hakuna swala wa Kimameta wala maporomoko ya Chuma. Dhuluma hiyo inauma. Hata milima ya Nyandarua Thomson aliipa jina la Lord Aberdare, mkuu wa chama kilichomtuma.

Wataalamu wa ndege wa Marekani walitangaza mwaka 2023 kuondoa majina ya watu kwenye majina ya Kiingereza ya ndege, huku ya kisayansi wakiyaacha. Mgawanyo huo naona unatufaa. Thomsonii ibaki, na swala tomi ni jina lililokwisha kuzoeleka. Maporomoko ni jambo jingine: hayana kanuni ya kisayansi inayoyafunga, na mji wenyewe ulikwisha kuacha kuitwa Thomson's Falls. Ramani ziandike Maporomoko ya Nyahururu, jina la zamani liwekwe kwenye mabano kwa toleo moja au mawili ili wasafiri wasipotee, na kibao cha pale kimtaje Kimameta kwa jina.