Mfua shati na mchimba shimo wasipewe miaka sawa

Barazani Ngamiani, hapa Tanga, habari ya mauaji ikifika, hukumu hutoka kabla kahawa haijapoa: muuaji anyongwe, na aliyemficha anyongwe naye. Sheria yetu haiendi hivyo. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inampa kifo aliyeua kwa kukusudia, na aliyemsaidia baada ya kuua inampa kifungo kisichozidi miaka saba. Kwa aliyemsaidia mtenda makosa mengine makubwa, pasipotajwa adhabu nyingine, ukomo ni miaka mitatu. Pengo hilo mimi nalikubali. Ninachogombana nacho ni namna ile saba inavyogawanywa.

Kifungu cha 387 kinataka Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, ithibitishe kwamba mtu alijua mwenzake ametenda kosa, akampokea au akamsaidia, na nia yake ilikuwa kumwepusha na adhabu. Kushuku tu hakutoshi. Kunyamaza tu nako hakumfanyi mtu kuwa msaidizi, ingawa sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai inamtaka raia aliyejua kosa atoe taarifa. Lakini msaada ukiwa umeahidiwa kabla damu haijamwagika, huyo si mficha tena, ni mshiriki wa mauaji, na kamba inamhusu.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kijana ameua mtu Chumbageni. Mama yake anafua shati lenye damu. Kaka yake anampakia kwenye bodaboda mpaka Horohoro avuke mpaka. Rafiki anachimba shimo kwenye shamba la mkonge Pongwe na kufukia maiti. Wote watatu wanaangukia kifungu kimoja. (Angekuwa mke ndiye aliyempokea, angekuwa nje: sheria inamkinga mke kwa mumewe, na mume kwa mkewe. Mama hakukumbukwa.)

Hapa ndipo hakimu au jaji anapopaswa kupima uzito wa kitendo, si ukubwa wa hasira ya mji. Shati lililofuliwa limepunguza ushahidi mmoja. Safari ya Horohoro imechelewesha kesi. Shimo ni jambo jingine kabisa. Maiti ikikaa ardhini kwa joto la pwani, nyama inaoza, alama za majeraha zinapotea, na daktari anaweza kushindwa kusema kifo kimesababishwa na nini. Hapo kesi ya muuaji mwenyewe inayumba. Na nyumbani kwa marehemu hakuna matanga, hitma haisomwi, mjane hajui aanze kukaa eda lini, mirathi haifunguliki kirahisi. Madhara hayo hayakuletwa na aliyeua peke yake, yameongezwa na mwenye jembe.

Kuna kasoro nyingine, na hii huanzia polisi. Wote wanakamatwa na kuandikwa mauaji. Mauaji hayana dhamana, kwa hiyo mama na mchimbaji wanakaa mahabusu gereza la Maweni pamoja, pengine kwa miaka. Mwisho shtaka la mama linabadilishwa, muda wa mahabusu unahesabiwa, na anaachiwa siku ile ile ya hukumu. Jaji ametoa adhabu gani hapo? Adhabu ilishatolewa na aliyeandika hati ya mashtaka. Wakili wa Serikali akilisoma jalada mapema na kuwatenganisha washtakiwa, nusu ya tatizo hili inaisha.

Kwa mama, akiwa ni mkosaji wa mara ya kwanza, ipo Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002, ya kufanya kazi za umma badala ya kwenda jela, inayotumika mahakama inapoona kifungo kinachostahili hakizidi miaka mitatu. Mawakili wengi wa utetezi huomba "huruma ya mahakama" kwa sentensi mbili na kukaa. Waombe adhabu hiyo kwa jina, waeleze umri wake, wanaomtegemea, na kama alitishwa.

Kaka ningempa miaka miwili au mitatu. Mchimbaji ningemwanzia sita. Akiwaongoza polisi mpaka shimoni wiki ile ile, maiti ikiwa bado inaweza kumwambia daktari kitu, ashushwe mpaka mitatu. Akisubiri mpaka mifupa ifukuliwe na trekta la shamba, asipunguziwe hata mwezi.