Padre akizeeka, nani anamtunza?

Agosti 2019, Mwadhama Kardinali Polycarp Pengo alipong'atuka uaskofu wa Jimbo Kuu Katoliki la Dar es Salaam akiwa ametimiza miaka 75, sidhani kama kuna muumini aliyekosa usingizi akiwaza atakula nini. Kwa askofu swali hilo lina jibu. Sheria ya Kanisa ya 1983, kanuni ya 402, inamruhusu kubaki jimboni, na mzigo wa kwanza wa kumtunza inalitwisha jimbo alilolitumikia.

Ugumu uko ngazi moja chini. Paroko, padre anayeongoza parokia, naye anaombwa kujiuzulu akifika 75, na kanuni ya 538 inamtaka askofu ampatie matunzo na makazi. Lakini matunzo hayawezi kuzidi mfuko wa jimbo. Mtawa ana shirika lake la kumtunza. Padre wa jimbo hana mke wala watoto, na ndugu zake wengi wanaamini padre hakosi hela.

Wanaotaka mapadre wachangie NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, wana hoja nzito. Mfanyakazi analazimika kustaafu akiwa na miaka 60. Padre anaendelea miaka 15 zaidi. Sharti la kuchangia miezi 180 ndipo upate pensheni ya uzeeni atalitimiza mapema sana. Tena pensheni ni haki yake, hata askofu akibadilika, hata parokia ikimsahau.

Wanaopinga wanasema padre si mwajiriwa, wito usigeuzwe ajira. Hoja hiyo hainishawishi sana. Hata mwenye wito anaugua presha. Kinachonipa shida ni hesabu. Mchango wa NSSF wa asilimia 20 ya posho ndogo ni fedha ndogo, na sehemu ya mwajiri italipwa na parokia, yaani muumini yuleyule wa zaka, mavuno na harambee ya ujenzi. Tena kuwa na mfuko tu si kinga: Novemba 2024 Papa Fransisko alikiri kwamba mfuko wa pensheni wa Vatikani umeelemewa, akamkabidhi Kardinali Kevin Farrell ausimamie peke yake.

Mimi naegemea mfuko mmoja wa kitaifa chini ya Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania pale Kurasini. Kanuni ya 1274 inawapa maaskofu njia hiyo pale ambapo hifadhi ya jamii ya mapadre haijapangwa vizuri. Najua muumini wa Mbagala atahoji kwa nini zaka yake imtunze padre wa jimbo la mbali. Ila Pengo mwenyewe alizaliwa upande wa Sumbawanga, akawa askofu wa Nachingwea, kisha Tunduru-Masasi, ndipo akaletwa Dar. Jimbo gani lingesema huyu si wetu?

Kama fedha hazitoshi kwa vyote, ningeanza na bima ya afya, pensheni ifuate. Chakula parokiani hakikosekani. Bili ya kusafisha figo ndiyo inayomfanya padre mzee apitishiwe bahasha ya michango kwenye jumuiya.