Uchunguzi Utangulie Kikao cha Nidhamu

Katika sehemu nyingi za kazi, kikao cha nidhamu huitishwa wakati meneja amekwisha kuamua. Mfanyakazi husomewa tuhuma, huulizwa kama ana la kusema, kisha hukabidhiwa barua ambayo pengine ilichapwa tangu asubuhi. Kwangu mimi hiyo ni dhuluma, hata kama mtuhumiwa kweli ana kosa.

Sheria ya Tanzania haikuliacha jambo hili kwa hisani ya mwajiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka sababu halali na utaratibu wa haki kabla ya mtu kuachishwa kazi, na anayepaswa kuthibitisha hayo ni mwajiri. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinamtaka achunguze kwanza ili ajue kama kuna msingi wa kuitisha kikao, kisha ampe mfanyakazi muda wa kujiandaa usiopungua saa 48.

Chukua mifuko ya saruji iliyopungua ghalani. Wa kwanza kuitwa mwizi ni mtunza stoo, kwa kuwa funguo anazo yeye. Lakini je, kadi ya stoo, inayoandikwa kila kinachoingia na kutoka, imelinganishwa na hati za kupokelea mzigo? Lori lilipoingia jioni, mifuko ilihesabiwa, au hati ilisainiwa harakaharaka ili dereva aondoke? Funguo za akiba anazo nani? Na ipo mifuko iliyotoka Jumapili kwa simu ya bosi, kwa ahadi kwamba ingeandikiwa hati Jumatatu? Swali hili la mwisho ndilo linalokwepwa zaidi, maana jibu lake huenda likamgusa mkubwa. Ndiyo sababu naunga mkono kwa dhati sharti la kanuni hizo kwamba mwenyekiti wa kikao asiwe mtu aliyehusika na tukio lenyewe.

Wapo wanaosema kwamba uchunguzi huchelewesha na mali huendelea kupotea. Hofu hiyo naielewa, ila kanuni zimeijibu: kwa tuhuma nzito, mfanyakazi anaweza kusimamishwa kwa malipo kamili wakati uchunguzi ukiendelea. Gharama hiyo ni afadhali kuliko kufika mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, chombo kinachoshughulikia migogoro ya kazi, na shahidi asiye na jingine ila "nilisikia". Basi maelezo ya kila aliyeona yaandikwe mapema, kabla watu hawajakaa pamoja wakayalinganisha, na mtuhumiwa aonyeshwe hati zote zitakazotumika dhidi yake.